Unasali Jumuiya Gani?

Ukienda ofisi ya parokia ya Kikatoliki jijini Dar es Salaam kuandikisha mtoto wa kubatizwa, kutangaza ndoa au kuomba padre wa kuzika, swali la kwanza huwa moja: unasali jumuiya gani? Karani hakuulizi unaamini nini, wala Jumapili iliyopita ulikuwa wapi. Anataka jina la jumuiya, jina la mwenyekiti, na barua yenye sahihi. Vijana wengi hukasirika. Wanasema imani ni kati ya mtu na Mungu wake. Mama anayeuza maandazi mtaani anaingiaje hapo?

Mimi ni mmoja wa hao kina mama wa mtaani. Nilikuwa muuguzi mpaka nilipostaafu, na jumuiya yetu imenichagua kuwa mwenyekiti zaidi ya mara moja. Barua hizo nimeziandika nyingi, chache nimekataa kuziandika, na kwa hizo chache nimetukanwa mbele ya wajukuu zangu. Hata hivyo naamini kwamba katika maswali yote tunayoulizana kanisani hakuna linalolizidi hili. Nataka kusimulia lilikotoka, kwa kuwa wengi hudhani lililetwa na wamisionari pamoja na rozari na kengele. Wamisionari hawakuliuliza. Baba yangu alikuwa katekista huko Ngara tangu enzi za Mwingereza, akafundisha watu dini miaka mingi, na yeye pia hakuwa amelisikia.

Tuanzie Bagamoyo, maana Ukatoliki wa Tanzania Bara ulianzia pale. Wamisionari Wafaransa walikuwa wamefungua kazi Zanzibar mwaka 1860, na mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, chini ya Padre Antoine Horner, wakavuka bahari na kujenga Bagamoyo. Wakristo wao wa kwanza walikuwa watu wasio na ndugu. Walikuwa watoto na vijana waliokombolewa kutoka utumwani, wengine kwa kulipiwa fedha sokoni. Kila mmoja alitoka upande wake wa bara, na lugha ya kwao hakuna mwenzake aliyeielewa. Mapadre waliwalea, wakawafundisha kulima, kuchonga na kujenga, wakawaoza wao kwa wao, wakawapa nyumba katika kijiji cha Kikristo pembeni ya misheni. Kengele iliwaamsha, ikawaita sala, ikawapeleka shamba, ikawarudisha. Mwaka 1877 baadhi ya wanandoa hao walipelekwa Mhonda, mbali barani, wakaanzishe kijiji kingine cha namna ile ile.

Nikitembelea makaburi ya misheni ya Bagamoyo huwa nawafikiria sana wale wanandoa. Mtu aliyenyang'anywa mama, shangazi, babu na jina, halafu akaambiwa kwamba jirani huyu usiyemjua, anayekula vyakula usivyovijua, ndiye ndugu yako sasa. Hakumchagua. Naye jirani hakumchagua yeye. Walipaswa kusaidiana kuzaa, kuuguza na kuzika kwa sababu walikuwa pale pale, nyumba kwa nyumba. Kasoro ilikuwa kwamba mamlaka yote yalikuwa kwa padre. Mtu akigombana na jirani alikwenda kwa padre, akikosa mbegu alikwenda kwa padre. Ujirani wao ulipita kwanza mlango wa misheni ndipo ufike nyumba ya pili.

Huko kwingine ambako koo zilikuwa hazijavunjwa, mambo yalikwenda kinyume. Mtu alibatizwa mmoja mmoja, mara nyingi akiuacha nyuma ukoo wake ukimnung'unikia. Alipewa jina, rozari na cheti. Fungua kitabu cha ubatizo cha parokia yoyote ya zamani uone: kila mtu ana mstari wake, ana namba yake. Katekisimu ya maswali na majibu tuliyokaririshwa utotoni ilimsemesha mtu akiwa peke yake na ikamfundisha aiokoe roho yake. Mafundisho yenyewe sina ugomvi nayo, ndiyo yaliyonilea. Ninachosema ni kwamba mtu aliweza kuwa Mkatoliki safi kabisa, mwenye kuungama kila mwezi, bila kujua kama jirani yake amelala njaa.

Aliyeziba pengo hilo alikuwa katekista. Padre alifika kigangoni kwetu mara chache kwa mwaka, akiwa juu ya pikipiki, akikuta foleni ya maungamo, watoto wa kubatiza na ndoa za kubariki, kisha akaondoka. Siku zilizobaki baba ndiye aliyejua nani mgonjwa, nani kamfukuza mke, nani amerudi kwa mganga, mjane gani paa lake linavuja. Alizunguka kwa miguu. Malipo yake yalikuwa haba mno hata mama alilima kama mtu aliyeolewa na mume asiye na kazi. Mtu mmoja alibeba kazi ya kuwajua watu wote, na wote waliobaki wakaridhika kujulikana na yeye. Alipougua, kigango kizima kilikosa taarifa za kigango.

Baada ya Uhuru utaratibu huo ulianza kulemewa. Wakristo waliongezeka kuliko mapadre, parokia zikawa na maelfu ya watu, na wengi wakaanza kuhama. Upande wa Musoma, kaskazini ya Mara, Wajaluo walikuwa wakihamia makanisa ya Kiafrika yaliyojitenga, na mtafiti Marie-France Perrin Jassy alikaa huko miaka ya 1960 akichunguza wanachokifuata. Alikuta kwamba walifuata, pamoja na mengine, kundi dogo: watu wanaojuana majina, wanaoombeana kwa sauti, wanaokuja nyumbani ukifiwa. Mwaka 1966 parokia ya Nyarombo, Jimbo la Musoma, ikaanza kujenga vikundi vidogo vya Wakristo vya namna hiyo ndani ya Kanisa Katoliki lenyewe. Brazili nao walikuwa na vikundi vyao wakati huo huo, na Kongo maaskofu walikwisha kulizungumzia jambo hilo mapema. Lakini cha Nyarombo kilitokana na shida ya Nyarombo.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa umemalizika 1965. Misa ikaanza kusaliwa kwa Kiswahili, na walei wakasikia kwamba Kanisa ni taifa la Mungu, wao wakiwemo. Miaka miwili baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha. Mwalimu Nyerere, mwenyewe Mkatoliki wa kusali kila siku, alikuwa akiihubiri Tanzania habari ya ujamaa, na mwaka 1970 akasafiri hadi New York akawaambia masista wa Maryknoll kwamba Kanisa lisiposimama upande wa maskini litahesabiwa kuwa upande wa wanaowakandamiza. Mapadre wengi waliogopa. Walisikia ujamaa wakaona ukomunisti unabisha hodi.

Askofu wetu hakuogopa. Christopher Mwoleka alipewa Jimbo la Rulenge mwaka 1969, na badala ya kulitazama jambo hilo kutoka nyumba ya askofu alihamia kijiji cha ujamaa, Nyabihanga, akalima na wanakijiji. Kwetu Ngara habari hiyo ilizungumzwa kwa miaka. Wazee walikuwa wamezoea askofu anayefika kwa maandamano na matarumbeta, anayebusiwa pete. Sasa kuna askofu mwenye jembe. Wengine waliona amejishusha mno, wengine walilia kwa furaha. Baba yangu alikuwa wa hao wa pili.

Mwoleka aliandika mwaka 1975 juu ya Utatu Mtakatifu, na hoja yake baba aliirudia nyumbani mpaka sisi watoto tukaijua kwa moyo. Alisema tumeufanya Utatu kuwa fumbo la hesabu, tatu ndani ya moja, tukakuna vichwa, tukauacha. Kumbe Mungu hakutufunulia maisha yake ili tuyapigie hesabu. Alitufunulia ili tuyaige. Watatu wanashirikiana kila kitu, hakuna anayejiwekea chake. Ukitaka kujua kama unaukiri Utatu, angalia unashirikiana nini na jirani yako. Nimesikia mahubiri mengi ya Utatu tangu hapo, kutoka kwa wasomi wakubwa. Hakuna yaliyonishika kama hayo ya askofu mkulima.

Maaskofu wa Afrika Mashariki, wanaokutana katika umoja wao wa AMECEA, walilifanya jambo hili la vikundi vidogo kuwa la eneo zima. Walipokutana Nairobi mwaka 1973 walikubaliana kwamba Kanisa lijengwe kuanzia vikundi vidogo, mahali watu wanapoishi na kufanyia kazi, ambamo kila mtu anaweza kujua kwamba ni wa pale. Mwaka 1976, Nairobi tena, wakaweka ujenzi wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa kazi ya kwanza ya uchungaji. Mwaka 1979 walikutana Zomba, Malawi, kupima hatua zilizofikiwa. Kila nchi ilifuata njia yake. Upande wa Kivu, Kongo, ndugu zetu huita vikundi hivyo shirika.

Sitaficha upande wa pili wa miaka ile. Kati ya 1973 na 1976 ujamaa wa hiari ukageuka kuwa uhamisho wa lazima. Mamilioni ya watu waliondolewa kwenye mashamba yao na kuwekwa kando ya barabara, mahali pengine nyumba zikibomolewa ili mtu asirudi. Ndugu za mama walihamishwa mvua zikinyesha, mahindi yakiwa bado shambani, na mjomba hakusamehe mpaka anakufa. Mtu aliyeburutwa kuwa jirani yako hakufanyii ujirani. Anakaa, anasubiri upepo ugeuke, anaondoka. Ndivyo vijiji vingi vilivyoishia. Askofu Mwoleka alikitegemea kijiji cha serikali kuliko kilivyostahili kutegemewa, nami nasema hivyo nikimheshimu kuliko kiongozi mwingine yeyote wa dini wa utoto wangu.

Jumuiya yenyewe haikufa pamoja na vijiji. Iliponea wapi? Nadhani ni kwa sababu ilishika ramani ya mtaa bila kushika fimbo. Miaka ya 1960 chama cha TANU kilikuwa kimegawa nchi kwa mabalozi wa nyumba kumi, na mijini jumuiya nyingi zilipangwa kwa mfano huo: nyumba za mtaa huu mpaka mtaroni ni Mtakatifu Kizito, kutoka mtaroni mpaka barabara ya lami ni Mashahidi wa Uganda. Kaya kumi, ishirini, hata thelathini. Hukuulizwa kabila, elimu wala mshahara. Uliulizwa unakaa wapi.

Hapo ndipo lilipo jambo ninalotaka msomaji alione. Kwaya unaichagua kwa sauti yako. Chama cha kitume unakichagua kwa karama yako. Kikundi cha maombi unakifuata kwa sababu kiongozi wake anakugusa, na akiacha kukugusa unahamia kingine. Jumuiya huichagui. Ukipanga chumba leo hapa kwetu, umepangiwa pia mzee mbishi wa nyumba ya kona, mama mwenye deni lako, kijana anayepiga muziki usiku, na mjane asiyemaliza kuongea. Hao ndio utakaosali nao.

Kwetu tunasali Jumamosi saa 12 asubuhi, kabla watu hawajaenda sokoni na kazini. Tunazunguka nyumba kwa nyumba, zamu kwa zamu. Mwenye nyumba anatandika mkeka, anatoa viti alivyo navyo, watoto wanafikicha macho. Tunaimba, tunasoma Injili ya Jumapili inayofuata, kisha tunashirikishana. Wengi tunatumia zile hatua saba zilizotungwa na Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini: kumkaribisha Bwana, kusoma, kutamka neno lililokugusa, kunyamaza, kusema limekugusaje, kuulizana tufanye nini, kufunga kwa sala. Wageni huona hatua ya sita ni matangazo tu. Mimi naona ndiyo moyo wa jambo zima. Mtu akisema Msamaria alisimama njiani, mwingine anauliza: mama Fulani nyumba ya nyuma, tangu ametoka hospitali nani amemwona? Kimya. Ndipo tunapanga. Wewe utapeleka uji Jumatatu, wewe utamfulia Jumatano, mimi nitakwenda kuangalia kidonda.

Nilipokuwa kazini nilisafisha vidonda vingi kwa mshahara. Vile vya jumuiya ndivyo vilivyonifundisha kwa nini nilisomea uuguzi.

Miaka michache iliyopita tulikuwa tunaandikisha kaya upya. Tulifika nyumba moja ya vyumba vya kupanga, na mwenye nyumba, Mwislamu, jirani mwema ambaye hutukopesha turubai tukifiwa, akatuambia: "Mama, chumba cha mwisho kuna kijana wa dini yenu, lakini siku hizi simsikii." Tulibisha hodi, tukabisha tena, tukaingia. Kijana alikuwa na homa kali, midomo imekauka, chupa ya maji tupu kando ya godoro. Alifanya kazi ofisi nzuri katikati ya jiji. Kazini walidhani yuko likizo. Nyumbani kwao mkoani walidhani yuko kazini. Tulimpeleka hospitali na bajaji.

Alipopona alikuja kunishukuru. "Shikamoo, mama. Mimi nasali, lakini nasali kwa simu. Kila Jumapili naangalia Misa." Nikamwambia, "Marahaba, mwanangu. Na padre wa kwenye simu alijua kwamba unaumwa?" Alicheka, machozi yakamlenga. Kwa miaka kadhaa sasa ni katibu wetu, anaandika muhtasari mzuri kuliko wote waliomtangulia.

Siwalaumu vijana wa namna yake. Maisha ya mji ndivyo yalivyojengwa. Sensa ya 1967 iliikuta Dar es Salaam na watu 270,000 hivi. Ya 2022 iliikuta na zaidi ya milioni 5. Wengi wamekuja mmoja mmoja, kila mtu na begi lake, wameacha ukoo mkoani kama wale wa Bagamoyo, tofauti ni kwamba hawa wamekuja kwa miguu yao. Tangu biashara huria ianze katikati ya miaka ya 1980 tumejifunza kuheshimu mtu kwa ukuta wa nyumba yake. Kuta zimepanda, vipande vya chupa juu, geti la chuma, mbwa. Hata mahubiri yamefuata ukuta. Washa redio usikie: baraka yangu, mlango wangu, gari langu, adui zangu. Mara nyingi huyo adui anayeombewa aanguke ni jirani. Mhubiri anayemfundisha mtu kumwogopa jirani yake anabomoa walichojenga watu kwa miaka mingi, na sioni kwa nini tumstahi kwa sababu tu anamtaja Yesu.

Lakini kuna jambo linalonizuia kuusifu ujirani bila kupima, nalo lilitokea mlangoni kwetu Ngara.

Tarehe 10 Aprili 1994 maaskofu wa Afrika walifungua sinodi yao Roma. Mwishowe walikubaliana kuliita Kanisa la Afrika familia ya Mungu, na Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wa mwaka 1995 uliotokana na sinodi ile, akazisisitiza jumuiya hai ndogo kuwa mahali familia hiyo inapoishi. Siku maaskofu wanafungua sinodi, mauaji ya Rwanda yalikuwa yameanza siku chache tu kabla. Tarehe 28 na 29 Aprili watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo, mpakani, kuingia Ngara ndani ya saa 24. Mimi nilikuwa kazini Dar es Salaam. Baba, mzee tayari, aliwaona wakipita mchana na usiku na magodoro na sufuria na watoto.

Nilipokwenda kumwona mwaka ule aliniambia maneno machache. "Hawa nao wamebatizwa, mwanangu. Nao walikuwa na jumuiya, walisali nyumba kwa nyumba. Walikosa nini?"

Nimekaa na swali hilo miaka yote hii. Rwanda ilikuwa nchi ya Wakristo kwa idadi kubwa. Watu waliuawa ndani ya makanisa, Ntarama, Nyamata na kwingineko, na mara nyingi wauaji walikuwa majirani waliojua nani anakaa nyumba gani. Ramani ile ile ya mtaa ninayoisifu hapa ilitumika kuwatafuta watu. Kwa hiyo kukaa karibu, kujuana majina, kusali pamoja, havitoshi. Jumuiya ambayo hakuna anayeweza kusimama ndani yake na kusema hapana inaweza kufuata lolote litakalokuja, hata panga.

Jibu nililopata linatoka Rwanda hiyo hiyo. Félicité Niyitegeka alikuwa mlei aliyejitoa kwa kazi ya Kanisa, akiongoza nyumba ya mikutano huko Gisenyi. Alikuwa Mhutu. Aliwaficha Watutsi na kuwasaidia kuvuka mpaka kwenda Kongo, iliyokuwa ikiitwa Zaire. Kaka yake, afisa wa jeshi, alimtumia ujumbe aondoke aokoe maisha yake. Alikataa kuwaacha watu waliokuwa nyumbani mwake, na tarehe 21 Aprili 1994 aliuawa pamoja nao. Leo Rwanda inamhesabu miongoni mwa mashujaa wa taifa.

Mwanamke huyo alisimama peke yake. Aliachana na kabila, na umati, na hata damu yake mwenyewe. Mtu asiyesoma vizuri angesema huo ni msimamo wa mtu binafsi, kila mtu na dhamiri yake. Lakini tazama alisimama kwa ajili ya nani. Mbinafsi hujitenga na watu ili abaki na vyake. Yeye alijitenga na wauaji ili abaki na majirani. Nikiulizwa Mkristo anaishi vipi wito wake katika dunia ambayo kila mmoja anajitazama, nitamtaja yeye kabla sijamtaja mtakatifu wa karne za zamani. Na ndiyo maana kwetu, kwenye kushirikishana, nawasihi watu waseme hata lisilopendeza. Mwaka mmoja kijana alisimama akasema tumempa uongozi mtu anayempiga mkewe, na sote tunajua. Palikuwa pagumu asubuhi ile. Yule bwana aliondolewa. Mke wake bado anasali nasi.

Yapo mengine ya kusemwa hadharani. Jumuiya nyingi zimegeuka vituo vya kukusanya michango: ya ujenzi, ya jimbo, ya sikukuu ya somo, ya zawadi ya padre. Injili inasomwa haraka, bahasha zinahesabiwa polepole. Maskini anayeona aibu ya kusomewa jina lake katika orodha ya wasiotoa huacha kuja, na huyo ndiye aliyepaswa kuja kwanza. Wenye magari humtuma dada wa kazi na bahasha. Wanaume hawaonekani mpaka apatikane mgeni wa heshima. Na ile barua imetumiwa na baadhi yetu kama fimbo. Mahali fulani familia ilirudishwa na maiti yao kwa sababu marehemu hakuwa amelipa michango. Nililia niliposikia. Kuzika wafu ni tendo la huruma tulilofundishwa tangu watoto, na hakuna stakabadhi inayolitangulia. Msimamo wangu ni huu: barua ibaki kwa ubatizo na ndoa, ambapo watu wazima wana muda wa kujifunza kuishi na wenzao, kwa msiba isiulizwe. Marehemu akiwa hakuja kwetu, kosa la kwanza ni letu tusiobisha hodi kwake.

Baba alifariki Ngara. Jumuiya ya nyumba za jirani ilichimba kaburi, ikapika, ikakesha, ikaimba. Hakukuwa na katekista mmoja aliyebeba kila kitu. Walikuwa watu wengi, kila mmoja na sehemu yake, na wengine wao walikuwa watoto wa wale aliowafundisha.

Basi wewe uliyehamia mtaa mpya mwaka huu, usisubiri mpaka uwe na mtoto wa kubatiza. Muulize mwenye nyumba, au balozi, au mama yeyote umwonaye na rozari, jumuiya ya hapa inasalia wapi Jumamosi hii. Nenda ulivyo, hata kama huna cha kuweka kwenye bahasha. Na wewe mwenyekiti mwenzangu, hesabu nyumba za eneo lako wiki hii, na mlango wa chumba cha mwisho usiupite.